Ndovu Wetu ni Mwekundu

Juzi nilikuwa kwa matatu natoka tao nikirudi Githurai. Mapajani nilikuwa na pakiti ya wanyama wa plastiki: simba, ndovu, twiga, kifaru, kiboko, pundamilia na wenzao, kumi na wawili kwa jumla, soo mbili na chwani pale Kamukunji. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akawaangalia, akatabasamu, akaniuliza, "Unapelekea mtoto?"

Nikamwambia, "Eeh, mama. Wa kwanza."

Akanibariki. Akaniambia watoto ni zawadi, nisichoke hata wakilia usiku.

Wasee, mimi sina mtoto. Wale wanyama ni wangu. Nilishuka stage nikiwa nimejikasirikia, kwa sababu uongo mdogo kama huo nilishawahi kuulea mpaka ukawa mkubwa, na uliniumiza. Kwa hivyo leo sitaki kuwaonyesha tu jinsi ya kupaka rangi. Nataka niseme yote, hata ile sehemu ambayo huwa naikata kwenye video.

Kwanza, kwa wale wageni: mimi hununua wanyama wa plastiki wa bei ya chini, nawaosha, nawakata, nawapaka rangi upya, halafu tunawatumia kwenye michezo ya vita ya mezani. Huu si mchezo wa simu. Ni meza, vijisanamu, dadu, na ile futi ya fundi wa nguo ya kupimia hatua. Kikosi chako kinasogea inchi sita, unarusha dadu, unaona kama umempiga adui au umemkosa. Ukitaka ufupi, ni drafti iliyokosa adabu. Hakuna miraba, kuna vilima, mito na nyumba, na kila kijisanamu kina nguvu zake.

Na kabla hujasema ni mambo ya watoto, jua kwamba maafisa wa jeshi la Prussia walikuwa wanacheza mchezo wa aina hii mwaka 1824, kwa ramani na vipande vya kuonyesha vikosi, ili wajifunze kuongoza vita bila kuua mtu. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, yule wa hadithi za watu wa sayari ya Mars kuvamia dunia, alitoa kitabu kinachoitwa Little Wars. Kanuni zake zilikuwa za kuchezea sakafuni, kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi. Kwenye jina refu la hicho kitabu aliwaalika wavulana wa kuanzia miaka 12 mpaka 150. Mimi nina 22. Bado nina muda.

Sasa tuongee bei, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunafungiwa mlango. Hii hobi siku hizi ina makampuni makubwa. Boksi moja la askari kumi wa plastiki, ambao hawajapakwa rangi na hata hawajaunganishwa, linaweza kuuzwa zaidi ya pauni 30 kule Uingereza. Hiyo ni zaidi ya thao nne za Kenya, na bado hujalipa usafiri na ushuru. Na boksi moja si jeshi. Jeshi ni maboksi sita, saba. Halafu rangi zao, brashi zao, kitabu chao. Mimi nilipopiga hesabu mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye keja. Hiyo ilikuwa kodi ya miezi mingi.

Lakini nikaanza kusoma historia ya hawa watu, na nikagundua kitu ambacho nataka kila mtu mwenye mfuko mwepesi akijue. Hobi hii haikuzaliwa na pesa. Kuna mzee anaitwa Gary Gygax, alikuwa anaishi mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin huko Marekani. Yeye na Dave Arneson ndio walitengeneza Dungeons & Dragons mwaka 1974. Wakati huo hakukuwa na maduka yenye kabati zima la majini na madubwana. Gygax alikuwa ananunua vijitoi vya bei ya chini kabisa vilivyotengenezwa Hong Kong, vya kupakiwa kwenye mfuko, vikiitwa wanyama wa kale, ingawa vingine havikufanana na mnyama yeyote aliyewahi kuishi. Kimoja kilikuwa na mkia kama propela. Akakiangalia, akaamua: huyu ni mnyama anayekula chuma mpaka kinageuka kutu. Mpaka leo mnyama huyo yuko kwenye vitabu vyao, na anauzwa kwa bei ile ile inayotutoa jasho. Yule dubu mwenye kichwa cha bundi naye alitoka kwenye mfuko huo huo wa vijitoi.

Kwa hivyo msee akikuambia kwamba jeshi lako la Kamukunji si halisi, mwambie aanze kwa kuwafukuza hao.

Haya, twende kazini.

Kitu cha kwanza ni ukubwa. Wengi wanaocheza huu mchezo wanatumia vijisanamu ambavyo mtu mzima ana urefu wa kama milimita 28 mpaka 30. Chukulia kwamba ulimwengu wa mezani ni mdogo mara sitini kuliko huu wetu. Sasa chukua futi upime wanyama wako. Kwenye pakiti ya soo mbili na chwani, utagundua simba na ndovu wanalingana. Huyo aliyechonga ukungu wake hakuwahi kwenda mbugani. Simba wangu ana sentimita tano begani. Zidisha mara sitini: mita tatu. Huyo si simba tena, ni jini. Ndovu mwenye sentimita tano na nusu anakuwa mita tatu na kitu, ambaye ni ndovu dume halisi kabisa. Na twiga wa sentimita nane anafika karibu mita tano, sawa sawa na twiga wa kweli. Kwenye pakiti yote, twiga na ndovu ndio wanaosema ukweli. Wengine wote ni madubwana, na hiyo ni raha yake. Usipigane na ukubwa. Ukipata simba wa mita tatu, mtungie stori ya simba wa mita tatu.

Kitu cha pili nilifundishwa na anko wangu. Anko ni fundi wa rangi za magari, ana gereji ya mabati huku Eastlands. Nilimpelekea ndovu wangu wa kwanza, ambaye rangi ilikuwa inambanduka kama ngozi ya nyoka. Hakunicheka. Alimsugua kwa kidole gumba, akanusa kidole, akasema, "Rangi haikai juu ya mafuta. Hata gari ya waziri."

Maana yake ni hii. Vijitoi vikitoka kiwandani huwa vimebaki na mafuta ya kuvisaidia kutoka kwenye ukungu. Kwa hivyo osha kwanza. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mzee. Suuza, acha vikauke usiku kucha. Ukiruka hatua hii, usinilaumu.

Baada ya kuosha, angalia ule mstari unaopita mgongoni na tumboni, pale pande mbili za ukungu zilipokutana. Utoe kwa wembe, polepole, ukikwangua badala ya kukata. Msasa kwenye plastiki laini hausaidii, unaacha manyoya manyoya. Miguu iliyopinda usiivunje. Chovya kwenye maji moto sana kwa nusu dakika, inyooshe na kijiko wala si vidole, halafu itie kwenye maji baridi. Itabaki hivyo.

Kisha undakoti. Hapa niliungua. Nilinunua spirei ya mkebe, nikapuliza wanyama kumi na wawili kwa mara moja nikijiona fundi. Wiki mbili baadaye bado walikuwa wananata kama sukari iliyoyeyuka, na mmoja aliondoka na kipande cha gazeti mgongoni. Si kosa la mkebe. Plastiki laini ina vitu vya kuilainisha ndani yake, na dawa ya spirei nyingi haipatani navyo, kwa hivyo rangi haikauki milele. Dawa yake ni rahisi: tumia rangi ya akriliki, ile ya maji, kwa brashi, matabaka mawili membamba. Wengine wanaanza na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, na inafanya kazi. Ukilazimika kutumia spirei, jaribu kwa mnyama mmoja ambaye humpendi.

Baada ya hapo ni hatua tatu tu. Paka rangi ya mwili mzima. Ikikauka, chukua rangi nyeusi au kahawia, izimue mpaka iwe kama chai ya strungi, imwagie mnyama wote, na uiache iteremke kwenye mikunjo ya ngozi. Hapo ndipo utashangaa, kwa sababu kile kipande cha plastiki kitaanza kuwa na mbavu, misuli na macho. Mwisho, chukua brashi kuukuu, chovya kwenye rangi nyepesi kuliko ya mwili, ifute kwenye tishu mpaka ibaki karibu kavu, halafu pitisha juu juu. Rangi itashika pale penye mwinuko pekee. Malizia na vanishi isiyong'aa, ya maji pia.

Kisimamio ni kizibo cha soda. Kina upana wa kama sentimita tatu, kinatosha kijisanamu cha mtu bila shida, na kwa ndovu unakata kadibodi ngumu. Paka gundi, nyunyizia mchanga na majani ya chai yaliyotumika, yakiwa yamekauka vizuri. Hakuna udongo wa dukani unaoshinda majani ya chai.

Onyo moja, na hili silifanyii mzaha: toi ukishaipaka rangi hivi, si ya mtoto tena. Msichana wa dada yangu alishamtia simba wangu mdomoni, na mimi ndiye nilimkimbiza mpaka kwa bomba kumsuuza. Hakudhurika, lakini dada yangu alikaa mwezi bila kushika simu zangu. Weka juu ya kabati.

Sasa nije kwa mchezo wenyewe. Mbogi yetu ni watu wanne, tunakutana Jumapili jioni. Mwanzo tulikuwa tunacheza stori za watu wengine, za ngome na mashujaa wenye ndevu za manjano. Siku moja nikajiuliza: nimezaliwa Mtito Andei, mlangoni pa Tsavo. Nina simba wawili mkononi. Mbona nawapanga waende kuvamia ngome ya Ulaya?

Kwa wale mliolala darasani: mwaka 1898, reli ya Uganda ilipofika mto Tsavo, simba wawili madume walikuwa wanaingia kwenye kambi usiku na kuwaburura wafanyakazi nje ya mahema. Kazi ya daraja ilisimama. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua wote wawili mwezi Desemba mwaka huo. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo. Patterson mwenyewe baadaye alidai 135, na watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya wale simba, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2009, walikadiria kama 35. Simba wenyewe wako Chicago. Patterson aliwatumia ngozi zao kama zulia kwa miaka mingi, kisha akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field Museum mwaka 1924, wakajazwa na kusimamishwa.

Na hawa simba hawakuwa na manyoya ya shingoni. Madume wengi wa Tsavo wako hivyo. Kwa hivyo ilibidi nichukue simba wawili wa pakiti, niwachovye maji moto, niwanyoe kwa wembe, halafu nizibe shingo kwa ile epoksi ya mafundi wa mabomba ambayo unaikanda kama unga wa chapati. Simba wa kwanza alitoka kama mbwa aliyeugua. Wa tatu ndiye alikubalika.

Kanuni nikaandika mwenyewe, kurasa nne. Mchezaji mmoja ana wafanyakazi, mahema, moto na boma la miiba. Mwingine ana simba wawili tu. Mwenye simba haonyeshi walipo, anaandika kwenye karatasi, na usiku ukiingia mezani ndipo anawaweka. Mwenye kambi anashinda akimaliza daraja. Mwenye simba anashinda kazi ikisimama usiku tano. Rahisi hivyo, lakini niamini, mara ya kwanza tulipoicheza na taa tumezima, na tochi ya simu ndiyo moto wa kambi, kuna jamaa mmoja mzima wa kilo tisini aliruka kwenye kiti.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo mnaijua. Sasa ile ambayo huwa naikata.

Nilikuwa mwanafunzi wa takwimu, mwaka wa pili, kwenye chuo ambacho sitakitaja. Mathe ana kibanda cha chakula kando ya barabara ya Mombasa, anapikia madereva wa malori. Karo ilikuwa inakuja vipande vipande. Muhula mmoja nikabaki na deni, na bila kulimaliza singekaa mtihani. Mathe akatuma 18,000. Aliuza mbuzi wawili na akakopa kwa chama. Haikutosha kumaliza deni. Na mimi, badala ya kumpigia simu nimwambie haijatosha tutafute njia, nilikaa na hizo pesa wiki moja, nikalipa kodi, na zilizobaki nikanunua simu yenye kamera nzuri. Nikajiambia nitatengeneza kontenti, nitapata doo, nitarudisha kabla ajue.

Mtihani ukapita. Muhula ukaisha. Kila akipiga simu kuuliza, "Masomo yanaendeleaje?" namjibu, "Poa, mwaitu, tunasoma." Miezi saba. Video zangu za kwanza, zile mnazisifu kwamba nilikuwa na furaha sana, nilizirekodi nikiwa na simu ya mbuzi wa mamangu.

Halafu Ijumaa moja akapiga. "Niko hapa stage ya Githurai. Njoo unichukue." Hakuwa ameniambia anakuja. Nikatoka mbio na malapa. Sikuwa na wakati wa kuficha chochote.

Akaingia keja. Meza yote ilikuwa wanyama. Arobaini na kitu, wengine bila vichwa. Kitabu cha shule hakuna hata kimoja. Akakaa kitandani na mkoba wake mapajani, akaangalia ile meza muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo shule?"

Nikamwambia yote. Deni, mtihani, simu. Ningependa angenipigia kelele. Hakupiga. Aliuliza maswali kama mtu anayefunga hesabu za jioni. Kodi ilikuwa ngapi? Simu ngapi? Umekula nini? Huyu simba ni pesa ngapi? Nikamwambia ni kama mbao. Akarudia, "Mbao," halafu akanyamaza.

Nilipika ugali na sukuma. Tulikula bila kuongea. Nilipokuwa natoa sahani, nikamwona amemchukua ndovu, yule niliyejivunia kuliko wote, kijivu na vivuli vyake vyote. Akamgeuza geuza kwenye mwanga wa taa.

"Nani alikuambia ndovu ni wa rangi hii?"

"Ndovu ni kijivu, mwaitu."

"Umezaliwa wapi wewe?" Akamweka mezani. "Ndovu wetu ni mwekundu. Yule aliyemaliza mahindi yangu ukiwa darasa la tatu alikuwa mwekundu kama barabara. Alisimama pale karibu na choo, nikafikiri ni kichuguu, mpaka kikasogea."

Nilikumbuka ule usiku. Nakumbuka watu wakipiga masufuria. Nakumbuka asubuhi shamba limelala chini kama limepitiwa na trekta, na mathe amesimama katikati na kitambaa chake kichwani, hasemi kitu. Ni kweli kabisa: ndovu wa Tsavo hujipaka ule udongo mwekundu wa kwetu mpaka wanakuwa rangi yake. Mimi, mtoto wa pale, nilikuwa nimempaka ndovu rangi ya picha ya kwenye pakiti.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Hakusema amenisamehe. Wiki mbili baadaye akanitumia mzigo na gari la Mombasa: ndengu, maembe, na kitu kimefungwa kwa gazeti. Nikafungua. Udongo. Udongo mwekundu wa shambani, kama kilo moja. Nikampigia kumshukuru, na hata sijamaliza sentensi akanikatiza. "Udongo si msamaha. Pesa yangu utanilipa."

Niliuchunga kwa chujio la chai, nikauchanganya na gundi nyeupe na tone la rangi ya kahawia, nikampaka ndovu miguuni, tumboni, mgongoni, nikaacha kijivu kidogo kitokeze nyuma ya masikio. Video hiyo ndiyo mmeitazama kuliko zote. Kuna msee wa Voi aliandika tu, "Hatimaye, ndovu wa kwetu." Hiyo komenti niliipiga picha, nikamtumia mathe. Alijibu kwa kidole gumba. Kutoka kwake, hiyo ni hotuba.

Mchezo wa Tsavo nimeuza seti tano mpaka sasa. Nimemtumia mathe 11,500. Zimebaki 6,500. Naandika hapa hadharani ili nyinyi mkawe mashahidi.

Na sasa nije kwa maoni yangu, kwa sababu najua kuna mdogo wangu mahali anasoma hii akitafuta sababu ya kuacha shule. Usinitumie mimi. Huku mtandaoni tunapenda stori za mabilionea walioacha chuo. Gygax niliyemtaja hapo juu pia hakumaliza sekondari. Lakini hawakuambii kwamba alifanya kazi ya bima Chicago, na alipoikosa alikuwa anashona viatu kulisha watoto huku akiandika usiku, na kwamba katikati ya miaka ya 1980 alisukumwa nje ya kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Kuacha shule hakukumfanya kuwa mtu. Na hakujanifanya mimi. Nilichokosea si kuacha chuo. Kuna watu wanaacha kwa sababu za haki. Nilichokosea ni kumwacha mamangu apike chapati saa kumi alfajiri akidhani analipia mtihani.

Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema kazi hii ni upuzi kwa sababu ni toi. Niliyojifunza kwa hawa wanyama ni mambo ambayo darasani yalinipita: kupima kabla ya kukata, kuosha kabla ya kupaka, kutoharakisha tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka. Hesabu ya uwezekano ambayo ilinishinda kwenye karatasi, nimeielewa nikijaribu kupima simba wangu wasiwe na nguvu kupita kiasi. Wakirusha dadu tatu za nyuso sita, nafasi ya kupata angalau sita moja ni kama asilimia 42. Zamani ningeikariri. Siku hizi najua inavyouma, kwa sababu nimepoteza kambi mbili kwa hiyo hiyo asilimia.

Kwa hivyo kama unataka kuanza, usingoje boksi la Uingereza. Nenda Kamukunji, au hata soko la kwenu, nunua pakiti moja. Osha. Wembe, gundi, rangi tatu: nyeusi, nyeupe, kahawia. Chini ya thao moja umeanza. Na kabla hujapaka, uliza mtu aliyewahi kumwona huyo mnyama ana kwa ana. Kama nyanya yako alifukuzwa na kiboko Budalang'i, au babu yako alichunga ng'ombe karibu na fisi, hao ndio kitabu chako cha rangi. Hawatozi.

Mathe alipiga jana usiku. Tuliongea juu ya mvua, juu ya dada yangu, juu ya bei ya mafuta ya kupikia. Mwisho akauliza kile anachouliza kila mara: "Utarudi shule lini?" Zamani ningetunga mwezi. Nikamwambia, "Sijui, mwaitu. Nimalize kwanza zile elfu sita na mia tano." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa. Na yule kifaru umempaka vibaya. Nimemwona kwa simu ya jirani. Kifaru hana macho makubwa hivyo."

Leo namrudia kifaru.